Taa Iliyogeuzwa

Jescah ndiye aliyeinusa kwanza: harufu ya mafuta ya taa, ndani ya nyumba yenye stima, isiyokuwa tena hata na koroboi moja. Alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka.

Moyoni alijua ilikoanzia. Wanzala, mumewe, alikuwa amefunga taa ya nje imulike kaburi la Pascalia, mke wake wa kwanza, pale penye migomba. Ikifika jioni kaburi linang'aa hadi barabarani, na wapita njia wa Navakholo wanasema, huyu kweli alimpenda mkewe. Wivu ulimla Jescah. Mwenzake alipika kwa mwanga wa koroboi mpaka akafa, leo ndiye wa kuwashiwa taa kubwa, naye aliye hai anaonekana mgeni kwake! Wanzala alipokwenda soko la Lubao kuuza ng'ombe, Jescah alikuwa amemwita fundi, taa ikageuzwa imulike mlango wa nyumba yake.

Siku iliyofuata balbu zilianza kushika masizi. Anapangusa, yanarudi. Akamwita Shikanga, mzee wa maombi, ambaye alifika mlangoni akakataa kuingia.

"Mama, rudisha taa ya mwenyewe kaburini," alinong'ona. "Ukikataa, atawasha yake."

"Heri tukae giza sisi wote," Jescah akamjibu.

Jioni hiyo stima ikapotea kijiji kizima. Jescah alikuwa uani akianua nguo, akaona mwanga mwekundu ukicheza kwenye dirisha la jiko lake, akasogea, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya mafuta ya taa ilivyozidi, hata alipochungulia akamwona mwanamke ameketi akimpa mgongo, koroboi kando yake, anasonga ugali polepole kama mtu aliye kwake, na ukutani kivuli cha kila kitu kilikuwapo ila cha mwanamke huyo.

Lango likalia. Wanzala alikuwa amerudi. Akampita Jescah uani kana kwamba hamwoni, akaingia jikoni, akaketi kando ya koroboi na kunawa mikono. Uso wake ulitulia kuliko Jescah alivyowahi kuuona.

"Baba Mitchel," Jescah alimwita mumewe kutoka mlango wa jiko. "Toka humo. Ni mimi."

Wanzala aliinua macho, akakodoa kuelekea mlangoni, kisha akamgeukia yule aliyekuwa akimpakulia.

"Pascalia," akauliza kwa hofu, "nani huyo amesimama gizani?"