Nilimsomea Halbadiri Shahidi Wangu

Nina miaka thelathini na sita, ndugu wasomaji. Katika chuo cha Kurani niliishia juzuu ya amma, na skuli nilikaa madarasa matatu tu. Nikikosea, nisameheni. Nitajitahidi nisimdhulumu mtu, hata hao walionifukuza.

Miaka tisa nilikuwa mkaguzi katika ghala la karafuu la kampuni moja hapa Wesha. Kazi yangu ni kutia mkono guniani hadi kiwiko, nitoe karafuu za chini, nizivunje. Kavu hukatika, iliyotiwa maji hupinda. Siku moja magunia niliyoyapitisha yakakutwa mabichi. Meneja hakuniuliza neno. Alinambia kesho nisije.

Nani aliyatia maji? Mlinzi? Hamadi, mwenzangu wa ghalani? Au siku ile nilichoka, mkono wangu haukufika chini...? Hilo la mwisho sikutaka kulifikiri.

Nilitaka kitu kimoja: nirudishwe kazini, jina langu lisafike. Nilishasikia karani mmoja wa serikali alifukuzwa, akarudishwa kwa amri ya jaji. Basi nikaenda Chake kwa Mzee Saidi, anayewaandikia watu barua za korti, aniombee na mimi amri kama ile.

"Yule wa serikali, yakhe," akanambia. "Ofisi ile ina sheria inayoifunga, jaji aweza kuiamrisha. Kampuni ni ya watu wenyewe, si ya serikali. Wewe na wao mna mapatano tu. Washitaki kwa kuyavunja, na shahidi ulete. Ama kurudishwa kazini kwa nguvu, hilo usilingoje."

Ijumaa ya kabla yake nilikuwa nimemwona akinywa kahawa na karani wa kampuni. Nikasema moyoni, huyu kashanunuliwa.

Aliyeniona nikikagua siku ile ni Hamadi peke yake. Nilipomwomba awe shahidi, akajibu, "Nipe siku mbili nishauriane na mama." Siku mbili za nini? Za kwenda kwa meneja?

Mke wangu, Bi Time, akanambia, "Mtu kaomba siku mbili, wewe ushamzika?"

Sikumsikia. Nilikwenda kwa maalimu nikasomesha halbadiri, dua ya kumwapiza aliyenidhuru. Jina sikulitaja, lakini moyoni nilimkusudia Hamadi, na kijiji kizima kikajua. Siku ya pili yake mama yake Hamadi akashikwa na homa kali. Watu wakasema halbadiri imemjua mtu wake.

Hamadi akaja kwangu, kiti akakikataa. "Nilikuwa nije kukwambia nakubali. Mama ndiye aliyesema niende. Sasa nikisimama kortini, watasema nimeogopa halbadiri, nani ataniamini? Nisiposimama, watasema mtia maji ni mimi. Nifanye lipi, yakhe?"

Akaondoka.

Mama yake alipona, alhamdulillahi. Lakini mimi na Hamadi hatupeani mkono tena ila msikitini, kwa haya ya watu.

Nilikwenda hadi Wete kwa mwandishi mwengine, asiyenijua mimi wala kampuni. Akanambia yale yale ya Mzee Saidi. Kisha akauliza, "Shahidi unaye?" Nikashika njia ya kurudi Wesha, na kesi sikuifungua.

Meneja alinikosea, alinihukumu bila kuniuliza. Na mimi je, Hamadi nilimuuliza? Nani aliyetia maji, mpaka leo sijui...

Nakuombeni, mwenye ugomvi na kampuni aulize kwanza korti yaweza nini na haiwezi nini. Akijibiwa asilolipenda, asidhani kila mtu kanunuliwa. Mimi sikukosa haki kwa sheria peke yake. Mtu mmoja aliyetaka kunisemea, nilimfunga mdomo mwenyewe.