Baba Mdogo Alisema Pale Hakuna Kitu

"Mwizi! Mwizi kama mama yako!"

Baba Mdogo alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mate yake yakanifikia shavuni.

Nikayafuta taratibu. Nikamtazama kama unavyomtazama mende aliyepinduka chali.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mama yangu. Rudia, Bibi asikie vizuri."

"Mama yako aliiba bangili ya mama yangu akaenda kuiuza! Na wewe leo tunatoka mara moja tu, unaingia uani kwetu na mashine, unachimbachimba kama kuku! Damu ni ile ile!"

Shangazi yuko kwenye kochi, anapiga makofi. "Mpe! Mpe ukweli wake huyo!"

Bibi kakaa kwenye kiti chake dirishani.

Na mimi mkono mmoja nimeuficha mfukoni, nimeshika kitu...

Subirini kwanza. Lazima niwaelezee hawa watu, la sivyo mtasema natia chumvi.

Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Mtaani wanamwita Sumaku, kwa sababu ya ile mashine yake ya kutafutia vyuma ardhini. Ina mpini mrefu, chini ina sahani. Unaipitisha juu ya udongo, ikinusa chuma, fedha au dhahabu inalia, wiii!

Tangu nina akili huyu mtu anazunguka nayo viwanjani, masikioni kavaa hedifoni kubwa kama rubani wa ndege. Rubani wa misumari! Maisha yake yote cha maana alichookota ni komeo la mlango. Lakini msikie akianza kuongea kuhusu ardhi... utadhani aliiumba yeye.

Na ana mtindo wake mmoja anaojisifia mpaka kwenye misiba. Akichimba shimo akakuta takataka, kabla hajalifukia anachukua kizibo cha soda, anakikunja katikati kwa magego, krak! Anakitupia humo, anafukia.

Eti saini.

Eti miaka ikipita akarudi pale pale, mashine ikalia, akachimba akakuta kizibo kilichokunjwa, anajua alishapita. Hapotezi muda. Mtaa mzima unajua huo ujinga wake, na jino moja la pembeni limeshakwenda na maji kwa ajili hiyo.

Sasa, bangili.

Ilikuwa ya fedha, Babu alimvisha Bibi siku ya ndoa yao. Nikiwa darasa la nne, ikapotea. Bibi akasema aliiacha mezani. Aliyefagia chumba siku ile ni nani? Mama yangu. Mjane, anaishi kwa wakwe kwa kuhurumiwa. Mnaona ilivyokuwa rahisi?

Bibi akasimama mlangoni, akapaza sauti majirani wote wakatoka. "Mke wa mwanangu ni mwizi!"

Mama akapiga magoti. "Mama, labda ilikuchomoka ulipokuwa unafua pale bombani."

Ndipo Sumaku akajitolea kutenda haki. Akavaa hedifoni zake, akapita uani, akapita bombani, akapita kwenye majani. Jioni akarudi, akasimama mbele ya watu kama hakimu.

"Mashine haidanganyi. Kule hakuna kitu."

Asubuhi yake tukabeba magodoro yetu.

Mpaka leo mama anashona nguo kwenye chumba cha kupanga. Mteja akija kutoka mtaa ule, anapima kitambaa chake mbele ya mama kabla ya kukiacha. Mbele ya macho yake! Mama anatabasamu, anashika sindano. Mimi niko pale mlangoni naona.

Haya. Nimemaliza shule, matokeo yangu tusiyaongelee, kazi hakuna. Sumaku akanunua mashine mpya, ile ya zamani akanitupia.

"Chukua ikupunguzie uzururaji. Ila viwanja vyangu vya zamani usiende. Nilishavikomba."

Mtu kama yule akikukataza mahali, si miguu inaanza kuwasha yenyewe?

Nikaenda. Kiwanja cha mpira, siku hizi nusu yake ni gereji. Wiii! Nachimba... kizibo kilichokunjwa. Nyuma ya stesheni iliyokufa. Wiii! Kizibo kilichokunjwa. Huyu bwana aliacha saini kila mahali kama mbwa na nguzo!

Ilipofika zamu ya uwanja wa sinema ya zamani, nilishachoka. Nikatoa kizibo, na kwa kuzubaa tu nikapitisha mashine juu ya shimo lile lile.

Ikalia tena.

Chini kidogo ya kizibo kulikuwa na pete! Mtaalamu alikuwa amechoka, akaweka saini, akaenda zake kunywa chai. Pete imelala chini ya jina lake miaka yote hiyo. Nilicheka mpaka fundi wa gereji ya jirani akaja kuniuliza kama ni mzima.

Tangu siku hiyo, nikikuta kizibo cha Sumaku siondoki. Nachimba chini yake.

Kikabaki kiwanja kimoja cha zamani ambacho sikuwa nimekigusa.

Uani kwa Bibi. Bombani.

Leo asubuhi wenye nyumba wote walikuwa wamempeleka Bibi kliniki. Nikaingia. Bomba lenyewe limekufa siku nyingi, limeota kutu. Nikapitisha mashine.

Wiii!

Kizibo kilichokunjwa.

Nikapitisha tena... Wiiiii!

Nikachimba kwa mikono. Nikakuta mfuko wa maziwa, umefungwa fundo. Nikaukata kwa meno.

Ndani... bangili ya Bibi.

Mnaelewa? Bangili inaweza kuchomoka mkononi yenyewe. Inaweza kuzama kwenye tope yenyewe. Lakini haijifungi kwenye mfuko yenyewe!

Sikulia. Nilikaa pale chini kama mtu aliyepigwa ngwala. Na ndipo wakarudi, Sumaku akanikuta nimejaa udongo mpaka kwenye nyusi, akanivuta shati mpaka sebuleni.

Haya, sasa turudi sebuleni.

Nikatoa mkono mfukoni. Nikaiweka bangili mezani.

Shangazi makofi yakakatika.

"Umeitoa wapi?" akauliza.

"Bombani. Kule kusikokuwa na kitu."

Sumaku mjanja bwana, hakukosa neno.

"Si nilisema! Si nilisema mimi! Mama yake ndiye aliyeifukia, leo kamtuma airudishe!"

"Eeeh!" Shangazi akadakia. "Mchezo wameupanga hawa!"

"Nilijua utasema hivyo, Baba Mdogo. Ndiyo maana nimekuja na rafiki yako."

Nikaweka kizibo kando ya bangili.

"Hiki kilikuwa juu yake."

"Kizibo tu hicho," Shangazi akasema.

"Kishike, Shangazi. Kiangalie hapo kwenye mkunjo, alama za magego. Halafu mwangalie kaka yako mdomoni."

Shangazi akakishika. Akakigeuza. Akamtazama kaka yake... akakirudisha mezani haraka kama kimemuunguza.

"Alikwenda kuficha," nikasema, "na mkono ukaweka saini kwa mazoea. Jamani! Mtu anaficha uovu halafu anatia jina! Hata ubaya, Baba Mdogo, umeshindwa kuufanya kama watu?"

Nilitegemea atanirukia.

Hakunirukia. Akageuka dirishani. Sauti imemkauka kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama... mwambie."

"Nyamaza," Bibi akasema.

"Mama, mimi sibebi peke yangu!"

"Nimesema nyamaza!"

Nikamgeukia Bibi.

"Bibi... nini?"

Bibi hakunitazama. Alikuwa anatazama bangili.

"Aliniletea siku ile ile," akasema. "Aliipata bombani, imejaa tope. Akaniletea mkononi. Mimi ndiye niliyemwambia akaifukie."

Wasomaji wangu... nilikuja kumuumbua mende, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye shimo lao!

"Kwa nini, Bibi?"

"Nilishasema mbele ya watu. Majirani wote walinisikia. Ningetoka tena pale mlangoni niseme nini? Kwamba nilifua, ikanitoka, nikasahau? Mkwe wangu kanishinda? Ulitaka nile matapishi yangu?"

"Ukaona bora mama ale."

"Mama yako alikuwa kijana bado," akasema. "Angepata pa kwenda."

Angepata pa kwenda! Hivyo tu! Huyu ndiye ninayemwamkia kwa kuinama!

Shangazi akasogea, sauti imegeuka asali. "Mwanangu, Bibi yako mgonjwa. Haya mambo yaishe humu humu ndani. Mpelekee mama yako hiyo bangili iwe yake kabisa, basi. Si ndiyo, mama?"

"Ichukue," Bibi akasema. "Nimempa."

"Nami nakupa mashine mpya," Sumaku akadandia. "Uitumie tu, kijana."

Niliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Watu wazima, wamekaa kwenye makochi, wanaogopa kuchekwa.

"Bibi, mama akiivaa hii akapita mtaani, watasema nini?"

Akaitazama tena bangili pale mezani.

"Watasema si mnaona, alikuwa nayo. Hilo ulishaliwaza, au nalo umelisahau bombani?"

Nikaichukua bangili. Nikaifuta udongo kwenye shati langu. Nikaenda dirishani, nikamshika Bibi mkono, nikamvisha. Ilikwama kwenye vifundo vilivyovimba, nikaisukuma ikapita. Hakuuvuta mkono.

"Ivae hivyo hivyo. Nenda nayo dukani, nenda nayo kliniki. Kila atakayekuuliza ilipatikana wapi, mjibu mwenyewe."

"Mjukuu wangu..."

"Mimi nachukua changu."

Nikachukua kizibo. Hicho ndicho nitakachompelekea mama. Akiweke juu ya cherehani yake, kila mteja akione.

"Yaishe ndani, tafadhali!" Shangazi akanifuata. "Utatuaibisha!"

"Shangazi, yalianza mlangoni, kwa kelele. Mimi nayamalizia palipo na watu wengi zaidi."

Ndiyo haya mnayosoma. Mama yangu hakuiba. Anayemjua na amjulishe mwenzake. Na wewe unayesoma, siku mtu akikuambia kuhusu mwenzako "nilishatafuta, pale hakuna kitu", mshukuru, halafu chukua jembe lako ukatafute mwenyewe. Tena chimba chini ya pale alipokoma.

Nyuma yangu nikamsikia Bibi anahangaika kuivua bangili. Sumaku anamwambia avute, Shangazi anamwambia apake sabuni. Mkono mwembamba vile, na bado ilikuwa haitoki.

Nikatoka. Nikaufunga mlango.