Ombi Lililokataliwa Kawempe

Mtoto alizaliwa Jumatatu, saa nne asubuhi, kando ya barabara ya Kawempe, juu ya leso ya mama muuza chapati. Mama yake, Nabilah, alikuwa akiisubiri pikipiki ya wagonjwa tangu saa tatu, na pikipiki haikuja. Zahanati ilikuwa umbali wa kilima kimoja tu. Dereva wa pikipiki alikuwa nje ya lango la zahanati, ameshika simu mkononi, na simu haikulia. Ndani, nesi alikuwa ameshabonyeza kompyuta kumwita, akaamini ameondoka.

Mtoto alilia, mama akapona. Ni Mungu tu. Lakini jioni ile ile polisi walimkamata Phelister Oduor, fundi wa kompyuta wa zahanati, Mkenya, kwa kosa la kuharibu mtambo makusudi. Jumanne saa nane mchana angefikishwa mahakamani, na kutoka pale gari lingempeleka rumande, gereza la Luzira.

Jumanne asubuhi mapema Sajini Rukiah, aliyepewa kesi hiyo, alianzia kwa Nabilah.

"Afande, mimi nilikuwa nimechoka kabla uchungu haujaanza," Nabilah alisema, mtoto kifuani. "Jumapili usiku sikulala. Umeme ulikatika mtaa wote, giza totoro, lakini arusi ya jirani wala haikujua! Doluka mpaka alfajiri. Ngoma, spika, wamama wanapiga vigelegele. Banange, nikasema hawa watu umeme wao unatoka mbinguni?"

Rukiah alicheka. Yeye mwenyewe ni Mnubi. Doluka, ngoma ya arusi ya kwao, haizimwi na giza.

Zahanati ile ilijengwa na marehemu Mzee Abudu, Mnubi pia, na sasa iliongozwa na mwanawe, Abdul-Karim, ambaye watu humwita Haji. Rukiah aliingia saa tatu asubuhi. Chumba cha kompyuta kilikuwa sebule ya zamani ya mzee. Kikapu cha ukili kilining'inia mlangoni. Saa kubwa ya ukutani iligonga taratibu, mshale mfupi kwenye tatu. Kompyuta ilikuwa mezani, na chini ya meza betri kubwa ya akiba. Chumba kilinukia udi kidogo, na Rukiah alijisikia kama yuko kwa babu yake.

"Sajini, karibu. Huyu msichana ametuua," alisema Haji Abdul-Karim. "Ameomba kuacha kazi arudi Kisumu. Nikamwambia ngoja mwezi uishe. Akakasirika. Akabadilisha ufunguo wa mtambo."

"Ufunguo upi, Haji?"

"Muulize mwenyewe."

Phelister aliletwa na askari, pingu mikononi, macho mekundu. Rukiah aliamuru pingu zifunguliwe.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako," alisema.

"Afande, ni hivi. Nesi akibonyeza hapa, programu kwa hii kompyuta inatuma ombi kwa kompyuta ya kampuni ya ujumbe, huko ng'ambo. Hakuna mtu anaguza. Mashine inaongea na mashine. Ombi linabeba ufunguo wetu wa siri, ndio wajue ni sisi. Wakikubali, simu ya dereva inalia."

"Inachukua muda gani?"

"Ukipepesa jicho, limeenda na kurudi."

Rukiah aliitazama kompyuta ile, kijisanduku chenye vumbi. Ng'ambo na kurudi, kabla jicho halijafunguka! Subhanallah.

"Na jana?"

"Jana yote yalikataliwa. Lakini sijabadilisha ufunguo. Wacha nikuonyeshe." Alifungua kompyuta yake ya mkononi, ambayo askari aliileta kama kielelezo, akatuma ombi kwa ufunguo ule ule. Nje ya lango simu ya dereva ililia. "Umesikia? Ufunguo ni mzima. Kutoka kwangu linapita. Kutoka kwa hii ya mezani linakataliwa."

"Basi mlango wa mtandao wa hapa umefungwa," Haji aliingilia. "Mugisho! Yule Mkongo wa intaneti ndiye anafunga milango!"

Mugisho aliitwa. Alifika na waya begani, jasho likimtoka.

"Afande, siyo miye," alisema. "Miye nilifunga tu ile milango yenye haitumike, wezi wasiingie. Na ni zamani, mwaka jana. Huu wa ujumbe niliacha wazi. Angalia."

"Uliifunga ipi?"

"Mingi. Hata ule wenye kompyuta inapitia kuuliza saa kwa mtandao. Nilisema, saa yake iko muzuri, ya nini kuuliza?"

Rukiah alilitia neno hilo kichwani. Kisha akamgeukia Phelister.

"Binti, mtu akikunyima kitu, hukwambia sababu. Hii mashine ya ng'ambo ikikataa, haisemi kwa nini?"

Phelister alijipiga paji la uso. "Inasema. Ila programu yetu ilikuwa inaandika tu 'imeshindikana' kwenye kumbukumbu zake za ndani. Jibu lenyewe inalitupilia mbali. Niliiandika kwa haraka. Na jana nilikamatwa kabla sijaketi."

"Basi keti. Isomeshe jibu lote."

Aliandika mistari miwili, akatuma tena kutoka kompyuta ya mezani. Maneno yakatokea kiooni. Aliyasoma kwa Kiswahili, polepole: "Ombi hili limechelewa. Muda wake umepita."

"Limechelewaje, na umelituma sasa hivi?"

"Kila ombi linapigwa mhuri wa saa, afande. Likiwa la zamani wanalitupa, wasije wakadanganywa na mwizi aliyeliiba njiani." Phelister aliinama kwenye kona ya kioo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Yesu wangu. Sisi hapa tuko saa nne na nusu asubuhi. Huyu, huku ndani yake, bado ni saa kumi na nusu ya alfajiri. Iko nyuma saa sita."

Wote wakakitazama kioo. Ilikuwa kama kugundua kwamba mtu mliyekaa naye asubuhi nzima kumbe yuko usingizini.

"Ni mambo ya saa za Uingereza, za Greenwich," Mugisho alinong'ona.

"Hapana," Phelister alisema, "hiyo ingekuwa tofauti ya saa tatu. Hii ni sita."

"Inaweza kurudi nyuma yenyewe?" Rukiah aliuliza.

"Sita kamili? Haiwezi. Betri yake ndogo ya ndani ilikufa kitambo, kwa hivyo ikizimika kabisa inasahau saa, na anayeiwasha lazima aiandikie, maana mlango wa kuuliza saa mtandaoni Mugisho aliufunga. Lakini haizimiki. Umeme ukikatika kuna hii kubwa ya chini."

Rukiah alipiga magoti, akainamia betri ya akiba. Harufu ya udi ilimpanda puani. Haikutoka ukutani wala kwenye pazia, ilitoka kwenye betri. Kwenye mpini wake palikuwa na alama ya kidole, nyekundu ya hina.

Alisimama polepole. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama muda mrefu. Ndipo mwili ukamsisimka, kwa sababu alikuwa ameiona tangu alipoingia na hakuiona.

"Leteni karatasi tatu," alisema. "Mashine imezimika, imewaka, inawauliza saa. Kila mtu aandike tarakimu ambazo angeipa sasa hivi. Usimwonyeshe mwenzako."

"Sajini, haya ni michezo?" Haji aliuliza.

"Andika, Haji. Halafu nakuacha uende."

Phelister alichungulia simu yake. Mugisho alichungulia ya kwake. Haji aliinua macho ukutani, kama alivyoyainua tangu utoto wake, akaandika.

Rukiah alisoma kwa sauti. "Phelister: kumi na hamsini. Mugisho: kumi na hamsini. Haji..." Akamgeuzia karatasi. "Nne na hamsini."

Haji alitazama karatasi, akatazama ukuta.

"Saa ya Mzee Abudu inafuata jua, inahesabu kuanzia macheo," Rukiah alisema kwa upole. "Sasa ni saa tano kasoro dakika kumi, na mishale inasema hivyo hivyo. Saa za watu wengine wote humu mjini, mshale mfupi ungekuwa karibu na kumi na moja. Kwa babu yangu ilikuwa kama hii, ndiyo maana nikapita bila kushtuka. Mkenya asingeandika hivyo, wala Mkongo. Ni mtoto wa nyumba hii tu. Jumapili usiku betri ilikuwa wapi, Haji?"

Haji aliketi. "Arusini," alisema mwishowe. "Mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye mjomba, sajini. Umeme ukakatika ngoma ikiwa katikati, wazee wetu wa Kinubi kutoka Bombo wamekaa, watu wananitazama mimi. Ningefanya nini? Nikaja kuchukua betri. Asubuhi saa mbili nikairudisha, simu yangu imekufa, mashine imelala inauliza saa. Nikaipa ile ya baba, mbili kamili. Wallahi sikujua ni saa ndiyo imekataa."

"Lakini ulijua imezimika."

"Nilijua."

"Na ukamtaja huyu."

Haji alimtazama Phelister mara moja, kisha akainamisha kichwa. "Niliogopa aibu. Watu wangesema mjomba alicheza doluka, mtoto akazaliwa barabarani. Nikaona yeye anaondoka tu..."

"Anaondoka kwenda Luzira!" Rukiah alisema. Hakupandisha sauti, lakini Mugisho alirudi nyuma hatua. "Betri ni upumbavu, na saa ni bahati mbaya. Kumsingizia mtu mbele ya polisi ni kosa, Haji, na utalijibu leo hii. Simama twende."

Phelister alikuwa ameshaandika saa sahihi. Maombi mapya yalipita, moja baada ya jingine. Nje ya lango simu ya dereva ililia. Nesi alikuwa amebonyeza, mama mmoja wa bondeni alikuwa na uchungu. Pikipiki ikawaka, ikateremka. Rukiah alisimama mlangoni akiisikiliza mpaka ikapotea. Mashine mbili, moja hapa Kawempe na moja ng'ambo, hazijaonana na hazitaonana, na haziwezi kusaidiana mpaka zisimame kwenye saa moja, kama watu kwenye safu ya swala.

Mugisho alikuwa amepanda kiti chini ya saa ya ukutani. "Afande, na hii niirekebishe?"

"Shuka hapo," Rukiah alisema. "Hiyo haijakosea hata siku moja."