Kiti Kilichobaki Wazi

Kila Jumamosi asubuhi Heledd alipanda kilima kwenda kumwashia moto Daktari Tegwen Maddocks, msomi wa lugha, kwa sababu mama huyo hakuweza tena kupiga magoti mbele ya jiko la makaa. Mji mzima wa Bala ulimfahamu. Alikuwa ameandika riwaya saba nene, zenye malkia waishio chini ya ziwa na majitu yanayokula milima, zote kwa Kiwelisi, lugha ya kale ya wenyeji wa huko. Asipoandika, alizunguka mashambani akiwauliza wachungaji wazee theluji ya mwisho wa majira wanaiitaje, au kondoo aliyefiwa na mwanawe ana jina gani. Maneno hayo aliyafanyia utafiti, kisha akawavika malkia wake.

"Anti Tegwen," Heledd aliuliza siku hiyo huku akipuliza makaa, "mchawi wa hadithini anafanywaje ili watu wamchukie kabisa?"

"Unaandikia Eisteddfod, yale mashindano ya utunzi ya shule?"

"Ndiyo."

"Basi usinionyeshe hata mstari. Mimi ndiye mwamuzi wa hadithi mwaka huu." Tegwen alikata mkate wa zabibu, akampa kipande. "Swali lako nitalijibu. Mwangalie vizuri. Anataka nini? Anaogopa nini? Mchawi aliye mbaya hivihivi tu hamtishi hata paka."

Heledd alilipokea jibu hilo kama mtu aliyepewa kisu.

Alikuwa na adui. Heledd alilelewa na bibi yake kwenye shamba la mlimani, na Kiwelisi chake kilikuwa cha huko, kizito, chenye maneno ya kale. Siku moja alipokuwa akisoma kwa sauti darasani, Gwawr Pennant, msichana aliyehamia kutoka Uingereza, alilia kutoka nyuma, "Meee." Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo, Heledd akifungua tu mdomo, kondoo walilia kila pembe. Aliacha kusoma. Mwalimu Idwal alipomwita, alisingizia kwamba koo linamuuma.

"Ngoja tu," alijiambia. "Utalia wewe."

Jioni moja, akitoka dukani, alipita karibu na nyumba ya akina Gwawr. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Gwawr alikuwa amesimama akijifunza shairi, akirudia neno moja la Kiwelisi, akikosea, akirudia, akikosea tena. Baba yake, aliyekuwa mezani, alicheka na kusema kwa Kiingereza, "Achana nayo, binti yangu. Lugha hiyo haikutaki." Gwawr alifuta macho kwa mkono wa sweta, akaanza upya.

Heledd angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alijibanza nyuma ya ua, akakusanya kila alichokiona, kisha akaenda kuandika hadithi ya mchawi wa ziwa aliyeiba ndimi za watoto kwa kuwa wake ulimfia mdomoni. Hakuwahi kuandika vizuri hivyo. Kila sentensi ilimpa raha.

Hadithi za mashindano hayo hupelekwa kwa majina ya kubuni. Mwamuzi huzichambua jukwaani kwa majina hayo, na hakuna ajuaye mwandishi ni nani mpaka tarumbeta lilie, ndipo mshindi husimama pale alipoketi. Kisha huongozwa hadi kwenye kiti cha mwaloni na kukaa mbele ya mji wote. Heledd alijiita Jino la Ziwa. Alitaka Gwawr amwone akisimama.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Bibi yake alikuja na viatu vya kanisani. Gwawr aliketi mstari wa mbele yake, karibu kiasi cha kumvuta nywele.

"Hadithi nyingi zilikuwa na mazimwi ya kutosha na akili kidogo," Tegwen alianza, watu wakacheka. "Lakini kuna Jino la Ziwa. Mchawi wake husimama jikoni akirudia neno ambalo ulimi wake hauliwezi, na baba yake anamcheka. Katika vitabu vyangu vyote sina mchawi aliye hai kama huyu. Jino la Ziwa..."

Heledd akasimama.

Tarumbeta lilikuwa halijalia. Hakuna mtoto wa Bala asiyejua kwamba husimami kabla ya tarumbeta, lakini miguu yake haikungoja. Mpiga tarumbeta, akidhani amechelewa, alitoa mlio mmoja ukakatika njiani. Vichwa vikageuka. Gwawr naye akageuka, na uso wake ukawa mweupe kama chokaa.

Tegwen alimtazama Heledd, kisha akamtazama Gwawr. Karatasi aliyokuwa akiisoma akaikunja.

"Keti, mwanangu," alisema polepole. "Mwaka huu hakuna anayestahili."

Kiti kikabaki wazi.

Mlangoni Gwawr alimsubiri. "Ulikuwa dirishani kwetu."

"Na wewe uliniita kondoo."

"Nilikuita mbele yako. Wewe ulinichungulia."

Akaondoka bila chozi hata moja. Yale machozi ambayo Heledd aliyangoja muhula mzima yakawa yanamchoma yeye mwenyewe.

Jioni hiyo alipanda kilima mbio hadi kwa Tegwen, akaingia bila kubisha hodi. "Umeninyima kiti changu."

"Nimekunyima."

"Na wewe ndiye uliyeniambia nimwangalie!"

"Ulimwangalia nusu," Tegwen alisema. "Uliona anavyokosea. Hukuona kwamba alianza upya, kama alivyonieleza mwenyewe ukumbini. Mchawi wako, akishachekwa, hakuanza upya hata mara moja. Ulimwibia mwenzako aibu yake ukamwachia ujasiri wake, kwa kuwa haukukufaa."

Heledd alichokora makaa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nimsamehe?"

"Nani kasema? Mimi mwenyewe si hodari wa kusamehe. Nikiwa na umri wako, mkaguzi wa shule aliniambia lugha yetu inafaa kuitia mbwa. Nilimchukia mpaka akazeeka. Lakini sikuandika neno juu ya pua yake wala ndoa yake. Niliandika vitabu saba kwa lugha hiyohiyo ya mbwa, na wajukuu zake wamevifanyia mtihani." Alicheka kicheko kikavu. "Raha yake huijui bado."

Jumatatu, Heledd alinyoosha mkono kabla Mwalimu Idwal hajaita jina. Alisoma. Mtu akalia "Meee," wa pili akaitikia. Hakupunguza neno hata moja la mlimani. Alisoma mpaka kondoo wakaishiwa pumzi, na ukurasa wa mwisho ulisikilizwa kimya.

Wakati wa mapumziko, alimfuata Gwawr. "Kukuchungulia ilikuwa vibaya. Samahani. Kwa hasira siombi samahani."

"Na mimi samahani kwa yale makondoo." Gwawr alichezea kifungo cha sweta. "Lile neno bado linanishinda."

"Weka ulimi nyuma ya meno. Sema."

Gwawr akasema. Heledd alimfanya alirudie mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na moyoni Heledd alifurahia kila mara.

Jumamosi alimsimulia Tegwen yote, hata hilo.

"Vizuri," Tegwen alisema. "Hasira yako ni mali yako, usiitupe. Ila usiitume kuiba. Itume ijenge kitu ambacho adui yako atakivulia kofia, apende asipende. Mwakani mimi si mwamuzi. Lete huyo mchawi wako, tumtafutie moyo."