Aliyekaribishwa Moyo Uliposimama

Kibuyu cha maziwa hakikuwepo tena nyumbani kwa Isidori, pale Nangwa, tangu mkewe wa kwanza, Judica, alipozikwa. Eva, mke wa pili, mtindi hakuupenda kabisa. Sasa harufu ile ya kibuyu kilichofukizwa moshi ilitoka wapi? Alinusa shuka, akanusa kanga. Ilitoka kifuani mwake, kwenye mshono wa operesheni ya moyo.

Kisha homa ikapanda, pumzi zikamkimbia. Hospitali walipima damu, wakarudia, vijidudu hawakuviona.

"Mama, mwili wako wenyewe umewasha moto," daktari alisema, "kana kwamba umevamiwa."

Dawa ikaishusha homa. Aliporudi nyumbani, ikapanda upya.

Isidori alimuuguza vizuri mno, jamani. Alimlisha uji, akamkanda miguu. Ila Eva alipoweweseka kwa sauti isiyo yake, mume alivuta kigoda karibu, akatabasamu.

Kaka yake Eva akamleta Mzee Tluway, mganga wa Getanuwas. Mzee alisita mlangoni.

"Shikamoo, mzee," Eva alinong'ona.

"Marahaba, binti yangu. Huyu jini hakuvunja mlango. Madaktari walipousimamisha moyo wako, mashine ikisukuma damu, alikuja hapa nyumbani kwako kuomba ruhusa. Nani alimkaribisha?"

Isidori akatazama sakafu. "Ilikuwa mchana. Nilisikia sauti ya Judica ikipiga hodi. Nikasema karibu. Ningefanyaje, mzee?"

Eva akaelewa. Yeye amelala mezani kifua wazi, mumewe anamkaribisha mwingine! Hilo lilimuuma kuliko kisu.

"Huyo si Judica, ameiba sauti tu," mganga alisema. "Mwambie atoke. Atakusikia wewe peke yako, uliyemkaribisha."

Kitu kikajigeuza chini ya mshono, kikajinyoosha polepole kama mtu anayeamka, kikapanda shingoni, kikambana pumzi, moshi ukimjaa puani, na katikati ya hofu ile Eva akamkazia macho mwanamume aliyefunga naye ndoa kanisani, akingoja neno moja tu kinywani mwake.

"Mwambie atoke, mume wangu. Nakufa."

Isidori alikuwa analia. Akamshika mkono, akainama hadi sikioni, akasema kwa upole ambao Eva hakuwahi kuonjeshwa:

"Judica, usiondoke."