Tembea Nami Accra

Foleni ya kuingia Osgoode Hall, jumba la mahakama, ilikuwa imekunja kona ya mtaa wa Queen, na haikuonyesha dalili yoyote ya kusogea. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei mwaka 2011, ile wikendi ambayo jiji la Toronto hufungua majengo yake makongwe watu waingie bure, na watu walikuwa wamejaa kana kwamba wametangaziwa ubwabwa. Tramu zilipiga kengele. Muuza soseji wa kandokando ya barabara alikaanga vitunguu, na moshi wake ukawa unatembea juu ya vichwa vya watu.

Katikati ya msongamano huo alisimama msichana mrefu mwembamba, amevaa jinzi iliyopauka na blauzi ya rangi ya zafarani, nywele zake nyeusi kazibana kisogoni. Kwa kumtazama tu ungeapa katoka Bombay juzi. Lakini simu yake ilipolia, Kiswahili kilichomtoka kilikuwa cha Mwanza kabisa.

"Mami, si nimekwambia nipo kwenye foleni? Sambusa ziache kwenye friji, nitazikuta. Hapana, sijala. Mami! Haya, haya, baadaye."

Kijana aliyekuwa mbele yake akageuka. Alikuwa mweusi wa kung'aa, kifua kipana, shati jeupe limenyooshwa likanyooka.

"Samahani, dada. Hizo sambusa ni za nyama au za dengu?"

Msichana nusura aangushe simu. "Wewe unasikiliza simu za watu?"

"Masikio yamekwenda yenyewe. Tangu nije nchi hii sijasikia mtu akibishana na mama yake kwa Kiswahili kitamu namna hiyo."

"Za nyama," akasema, akijaribu kununa na kushindwa.

"Basi kazilete. Nafasi yako nakulindia."

Msichana akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoanzisha yote.

Jina lake lilikuwa Inara, mfamasia katika duka la dawa kule Parkdale. Alizaliwa Mwanza, wazazi wake wakamleta Toronto akiwa mtoto wa shule ya msingi. Kijana aliitwa Nicolaus Nyamhanga, mhandisi wa barabara, mtu wa Tarime. Walipofika kwenye uzio wa chuma wa jumba lile, Inara alimwonyesha malango yake membamba, yaliyopindapinda.

"Wanasema yalitengenezwa hivi ili ng'ombe wasipite."

Nicolaus akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo. "Sisi Wakurya hatuwezi kujenga lango kama hili. Mahari itapita wapi?"

Siku hiyo walizunguka pamoja jengo hadi jengo, kutoka mahakama kongwe mpaka soko la St. Lawrence, mpaka miguu ikawauma. Waliagana kwenye ngazi za stesheni ya treni ya chini, kila mmoja akiwa na namba ya mwenzake.

Wiki zikawa miezi. Nicolaus alikuwa mpangaji mtaa wa pili tu kutoka dukani kwa Inara, na jioni alipitia hapo na chai ya tangawizi kwenye chupa. Walitembea sana, maana wote wawili walipenda kutembea: mahekalu, makanisa ya mawe, magodauni yaliyogeuzwa kuwa kumbi za picha. Mapenzi yakakolea. Lakini kila Inara aliporudi kwa wazazi wake Richmond Hill, jina la Nicolaus lilibaki nje ya mlango.

"Nitamwona lini baba yako?" Nicolaus aliuliza.

"Ngoja kidogo, mpenzi."

"Nimengoja majira yote manne. Theluji imekuja, imekwenda."

Baba yake Inara, mzee Jalaludin, alikuwa mtu mpole, aliyejitolea jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, karibu kila jioni. Hakuwahi kumgombeza binti yake hata siku moja. Lakini alikuwa akitarajia, bila kusema, kwamba Inara ataolewa na mtu wa jumuiya yao. Nicolaus alikuwa Mkatoliki. Inara angeweza kustahimili baba mkali. Alichoogopa ni kumwona baba mpole akiumia.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kampuni ya Nicolaus ilipata kazi Accra, Ghana: kupanga njia za waendao kwa miguu zitakazounganisha sehemu za kihistoria za mji ule. Akatakiwa aende miezi kadhaa. Kwenye uwanja wa ndege wa Pearson, Inara alimfunga skafu shingoni ingawa alikuwa anakwenda kwenye joto.

"Usitembee huko peke yako," akamwambia.

"Nitembee na nani sasa?"

"Na mimi. Simu ipo."

Ikawa hivyo kweli. Kila Jumamosi, Toronto kukiwa asubuhi na Accra mchana umeshapamba moto, walitembea pamoja. Inara alishika njia ya ziwani, buti zikisaga barafu. Nicolaus alimpitisha Accra kwa maneno.

"Sasa niko Jamestown. Pale mnara wa taa, mwekundu na mweupe kama pipi. Chini yake watu wanapiga ngumi, kuna ukumbi wa mabondia."

"Harufu?"

"Samaki wa kukaushwa na pilipili. Sikiliza hizo honi! Mama mmoja ana beseni la mahindi kichwani, kapita mbele ya gari na gari limesimama lenyewe. Huyu ndiye trafiki wa hapa."

"Ungekuwa na adabu ungeninunulia."

"Nimekununulia. Nakula kwa niaba yako, laazizi."

Inara alicheka peke yake kando ya ziwa, na mzee mmoja mwenye mbwa akamtazama mara mbili.

Jambo likaharibika Jumamosi moja ya Februari. Theluji ilikuwa nzito, hivyo Inara alizungumza akiwa jikoni kwa wazazi wake. Nicolaus alikuwa ameingia bustani ya kumbukumbu ya Nkrumah na alikuwa akimweleza juu ya sanamu yake, jinsi mkono unavyoelekeza mbele. Mara Mama Roshanara akaingia na kapu la nguo.

"Kila Jumamosi simu! Unaongea na nani, binti yangu?"

"Mtu wa kazini tu, Mami."

Mama akapita. Kwenye simu zikasikika honi za Accra kwa mbali.

"Nico?"

"Nimesikia."

"Nico, subiri nitoke nje nikueleze..."

"Mtu wa kazini kachomwa na jua, anataka kupumzika. Siku njema, dada."

Lile neno *dada* lilimkata kuliko tusi. Alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga usiku, akapiga kesho yake. Siku ya tatu ukaja ujumbe mfupi: *Sina hasira na wewe. Nadhani unanionea haya, iwe kwa rangi au kwa dini, na siwezi kukulaumu kwa usilolichagua. Ila nimechoka kuwa siri.*

Inara aliusoma nyuma ya rafu za dawa, akaketi juu ya katoni. Kumwonea haya! Yeye ambaye alipopita naye mtaani alitamani watu wote wageuke. Lakini angejuaje hivyo, wakati kinywa chake mwenyewe kimesema vingine?

Ijumaa, wazazi waliporudi kutoka jamatkhana na chai ikishamiminwa, alisema.

"Papa, Mami, kuna mtu nampenda. Anaitwa Nicolaus. Ni Mtanzania, Mkristo, na ni mwaka wa pili sasa."

Kijiko cha Mama kikasimama ndani ya kikombe. "Ndiye yule wa kazini?"

"Ndiye. Nilidanganya, na yeye akasikia."

Mzee Jalaludin alitazama mikono yake. "Mtu wa wapi Tanzania?"

"Tarime, Papa."

"Mkurya."

"Ndiyo, Papa."

Mzee alikunja gazeti lake vizuri, akapanda ngazi polepole, na mlango wa chumbani ukafungwa taratibu. Hapo Inara akalia. Mama alimwacha alie kiasi, kisha akamsogezea kitambaa.

"Baba yako amekwenda kufikiri, na atafikiri sana. Hiyo ni kazi yake. Yule kijana naye anafikiri nini huko aliko?"

"Anafikiri namwonea haya."

"Basi hilo si la kulisema kwenye simu," Mama akasema. "Kachome sindano ya homa ya manjano."

Mwezi Machi, Nicolaus akiwa amepiga magoti kando ya High Street akipima upana wa mtaro, simu yake ilitikisika. *Nipo Jamestown chini ya mnara. Sijui njia. Nani atanitembeza?*

Alisoma mara mbili, akaiacha kofia yake ya kazi juu ya ukuta, akaenda, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia. Alimkuta amesimama kivulini, gauni la pamba la kijani limemganda mgongoni kwa jasho, uso mwekundu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Hakuwahi kumwona mzuri namna ile.

"Umekuja kikazi?" akauliza, akihema.

"Usinitanie, Nico. Nimewaambia. Wote wawili."

"Wakasemaje?"

"Mami kaninunulia dawa ya mbu. Papa hajasema kitu mpaka leo." Akasogea karibu. "Sikuwahi kukuonea haya. Nilikuwa mwoga, na woga wangu nikakutwisha wewe. Nisamehe."

Nicolaus akampokea mkoba, akautundika begani kwake. "Na mimi nilikimbilia kukuhukumu. Twende. Tutafuata kivuli."

Wakatembea, safari hii bila simu. Walipita ngome ya zamani iliyokuwa gereza, wakapita wauza vitambaa wa kituo cha sanaa waliomwita Inara kila jina la biashara, wakasimama kwa Nkrumah, pale mambo yalipoharibikia, na Nicolaus akamshika mkono mbele ya watoto wote wa shule waliokuwa wamekuja ziara. Jua lilianza kulegea walipofika uwanja wa Nyota Nyeusi, mpana, mweupe, upepo wa bahari ukivuma katikati ya tao lake.

Hapo simu ya Inara ikalia. Aliitazama, akabadilika rangi.

"Papa?"

Akasikiliza. Kisha akampa Nicolaus simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya chini, yenye kikohozi. "Binti yangu amefika salama?"

"Amefika salama, mzee. Niko naye hapa."

"Kuna joto huko. Asitembee bila maji."

"Anayo, mzee."

Nicolaus alijikuta amesimama wima kama askari.

"Sikiliza, kijana. Mimi sijasema ndiyo."

"Nimeelewa, mzee."

"Ila mtu aliyemfanya huyu mtoto aache kuogopa kunieleza jambo, lazima nimwone uso. Ukirudi Toronto, njoo nyumbani. Njoo mchana, upite mlango wa mbele."

"Nitakuja, mzee."

Simu ikakatwa. Inara alikuwa amemng'ang'ania mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kasemaje? Nico, kasema nini?"

"Amesema hajasema ndiyo." Akatabasamu taratibu, machozi yakimlenga. "Na amenikaribisha nyumbani. Wewe je?"

"Mimi nini?"

"Nikifika mlangoni pale, niseme mimi ni nani?"

Inara alijifuta jasho usoni kwa kiganja, akamtazama moja kwa moja.

"Sema wewe ni mchumba wangu," akasema. "Nitakuwa nimesimama pembeni yako, na mimi nitasema vilevile."