Bawabu Akataa Mke wa Pili

"Shangazi, nirudishie simu yangu!"

"Sirudishi! Mwanaume ana mke, nawe huku unajaribu gauni la harusi?"

Chiriku alinyoosha mkono kuidaka simu, pini zikiwa zimechomekwa kiunoni. Shangazi yake, aliyemlea tangu akitambaa, alisogea dirishani akasoma kwa sauti mpaka jirani akazima redio:

"'Mke ninaye mmoja, nimeishi naye miaka nenda rudi. Mke wa pili siongezi, hata awe mrembo vipi. Nimekataa. Bawabu.' Haya, nieleze!"

"Mke ni lugha, Shangazi!"

"Tangu lini lugha ikaolewa?"

"Lugha ya kompyuta! Mfumo wetu wote umeandikwa kwa lugha ya zamani. Mimi nimeandika kipande kimoja tu, kile kinachoongea na printa, kwa lugha mpya. Bila ruhusa ya Bawabu hakiingii kitu. Ndiyo maana kazini tukampa jina hilo."

Shangazi alishusha pumzi. "Kumbe hajakukataa wewe."

Chiriku alichukua simu, akausoma ujumbe mwenyewe. Ulikuwa kwenye kundi la waandishi wote wa mfumo, na watu walikuwa wameshaanza kucheka. Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli.

"Kazi yangu hajaifungua hata kidogo! Kanikataa mbele za watu bila kusoma mstari mmoja!"

Akaandika: "Siolewi na mtu anayenikataa bila kunisoma." Akatuma, kisha akaanza kuchomoa pini.

Mwenzangu, Bawabu alifika pale anahema, kompyuta kwapani, shati limechomekwa upande mmoja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Jieleze kwanza, kukaa baadaye."

"Nimeisoma," alimwambia Chiriku. "Yote, kwenye teksi. Ni safi. Lugha ile ya zamani inakuamini tu hata ukikosea, mfumo ukaja kuanguka mbele ya safari. Hii yako inakukatalia kosa mapema."

"Sasa ulikataa nini?"

Bawabu aliangalia vidole vyake.

"Wanaoleta mapya huandika, hupigiwa makofi, wakapata kazi kwingine. Mimi naachwa na kitu nisichokijua, na kikiharibika naulizwa mimi."

"Kwa hiyo uliogopa lugha?"

"Niliogopa utaondoka."

Shangazi akakohoa, akajifanya anakunja kitambaa. Hasira ya Chiriku bado ilikuwepo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Nani kakwambia naondoka? Weka jina langu hapo, kikiharibika niulizwe mimi. Nilichokileta nitakilea. Na wewe utajifunza."

"Na mvi hizi?"

"Elimu haina mwisho. Na kwenye kundi ulikonikatalia, ndiko utakakoniomba radhi."

Bawabu hakubisha. Aliandika pale pale, amesimama: "Nilikataa kabla ya kusoma. Nimekosea, naomba radhi. Sasa nimesoma na nimekubali. Mlezi wa kipande hiki ni aliyekiandika, mimi ni mwanafunzi wake."

Simu zililia mfululizo. Shangazi hakuelewa hata nusu, lakini vigelegele alipiga vyote.

"Somo la kwanza lini?" Bawabu aliuliza.

"Sasa hivi. Kaa."

Akaketi kwenye zulia, kando ya pindo la gauni, akaandika mistari mitatu kwa majigambo ya mzoefu. Kioo cha kompyuta kikajaa maandishi mekundu.

"Imenikataa!"

Chiriku alicheka mpaka pini iliyobaki ikamchoma. "Inakuonyesha kosa lilipo. Isome taratibu, mume wangu."

Bawabu aliinua kichwa. Alikuwa hajawahi kuitwa hivyo hata siku moja.

"Hebu rudia."

"Nirudie kosa?"

"Achana na kosa. Hilo neno la mwisho."